Bwana Soko Aliyepanda Matoka

Nimefanya kazi na wapimaji wa Kizungu, wahandisi wa Kihindi na machifu wa kila aina. Diploma yangu ya upangaji wa miji niliipata ng'ambo kwa jasho langu mwenyewe, mimi mtoto wa mkata katani wa Ruiru, bila baba tajiri wala misheni ya kunilipia, na bado imetundikwa ukutani kwangu. Lakini mazungumzo yakifika kwenye habari za miji, mtu ninayejikuta nikimsimulia si mwalimu wangu yeyote wa kule. Ni msimamizi wa soko la Thika, mtu tuliyemwita Bwana Soko. Alikuwa mwenye kelele na mkaidi, hakuweza kusoma ramani ikiwa imegeuzwa, na katika miaka tuliyofanya kazi pamoja alinikasirisha karibu kila siku.

Alikuwa mrefu, mwenye miguu myembamba. Kaptura yake ya kaki ilipigwa pasi hadi ikaonekana kama ingeweza kusimama bila yeye. Alivaa soksi ndefu, kofia ngumu ya jua iliyokuwa nyeupe zamani, na filimbi shingoni. Filimbi ile ilikuwa na lugha yake. Mlio mmoja mrefu ulisema soko limefunguliwa. Miwili mifupi ilisema lori linarudi nyuma, ondoeni watoto. Na ule wa kukatika-katika, kila mtu alijua maana yake: Nyina wa Kamau, nimekuona.

Nyina wa Kamau aliuza maharagwe. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, na safu nzima ya maharagwe ilimtazama yeye kwanza kabla ya kuamua kama jambo ni la kucheka au la kukasirikia. Chini ya magunia yake hakukosekana kibuyu cha muratina, pombe yetu ya miwa. Bwana Soko alikuwa wa dhehebu lisilogusa hata tone, lile linaloandamana mjini Jumapili kwa ngoma, na ngoma kubwa aliibeba yeye. Basi hao wawili walikuwa na mchezo wao.

"Mama, hiki ni nini?"

"Maji ya kusuuzia maharagwe."

"Mbona yanatoa povu?"

"Ni maharagwe ya Thika, Bwana Soko. Yana hasira."

Alikuwa akimwaga kibuyu chote mtaroni, taratibu, akigeuza uso pembeni ili asinuse. Nyina wa Kamau alitazama mpaka mwisho, kisha akasema, "Leo mtaro utalala fofofo." Kesho yake kibuyu kingine kilikuwa palepale.

Nieleze kidogo mji wenyewe ulivyokuwa. Thika ya miaka ile ilikuwa mji wa mpakani, ingawa hakukuwa na mpaka wa nchi karibu. Upande mmoja kulikuwa na mashamba ya walowezi, kahawa na katani. Upande mwingine kulikuwa na sehemu za Wakikuyu, na kwa kuwa serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari, watu huko walikaa katika vijiji vya kuzungushiwa ua na hawakutoka bila kibali. Mashariki ilianza nchi kavu ya Wakamba. Akina mama wetu wa Kikuyu walileta maharagwe, ndizi na viazi vitamu. Wakamba walileta vyungu, vikapu vya vyondo na ndengu. Wanunuzi wengi walikuwa wanaume kutoka magharibi ya nchi waliofanya kazi viwandani. Kila mwezi soko lilifurika zaidi. Serikali haikumwamini Mkikuyu kulisimamia, na Wakikuyu hawakutaka kupangwa na Mkamba, kwa hiyo ikamweka mtu wa magharibi ambaye hakuwa na shangazi upande wowote.

Aliwasalimu wote kwa salamu ya kwao, "Mulembe," Mkikuyu na Mkamba, na wote walimjibu hivyohivyo. Kikikuyu chake kilikuwa cha kuchekesha. Akina mama walipenda kumwomba aseme maneno magumu, naye aliyasema kwa fahari, akidhani anasifiwa.

Kazi yake ilikuwa na chumba, chumba kimoja cha mawe katika lokesheni, nyumba za wafanyakazi Waafrika. Kazi ikiisha, chumba nacho kimeisha. Kwao magharibi, ndugu zake walikuwa wameshagawana shamba yeye akiwa huku. Aliwahi kuniambia hivyo mara moja tu, akifunga kamba ya kiatu. "Walinipimia, wakaona sipo." Kwa hiyo alipokuwa akililinda lile soko, alikuwa akilinda mahali pake pa kulala, na pengine mahali pekee duniani ambapo mtu angemtafuta akamkuta.

Ajabu ni kwamba chumba chenyewe kilikuwa vurugu tupu. Mtu aliyejua kila chungu cha soko kikae wapi, kwake nyumbani baiskeli ilikuwa kitandani na sufuria chini ya mto. Nilimwuliza kwa nini hapangi kwake. Akasema, "Hapa hakuna anayegombana na mwingine."

Mimi niliporudi kutoka ng'ambo nilipewa meza katika ofisi ya mji, Mwafrika wa kwanza kukaa kwenye chumba kile bila ufagio mkononi. Soko jipya nililichora mimi. Safu zilifuata bidhaa, maji yakaenda kwenye mtaro mmoja, na kwa mistari ya vitone nikaonyesha jinsi safu ya maharagwe itakavyorudi nyuma siku malori yatakapoongezeka, ili yapate uwanja wa kugeukia. Mji unaokua lazima upangwe kwa miguu ya kesho. Mkubwa wangu wa Kizungu alitaka kuiondoa mistari ile. Nilikataa, na malori yakaja kama nilivyosema.

Tatizo la kwanza lilikuwa vigingi. Nilipima, nikapigilia, nikaenda kunywa chai. Niliporudi vilikuwa vimeondoka. Kigingi kilichonyooka, cha mti mkavu, ni zawadi kwa mama anayetaka kupasha uji. Vingine vilifungiwa mbuzi na vikaenda nao. Bwana Soko alipuliza filimbi, akatisha, akapekua majiko, na vigingi vikazidi kupikia uji.

Halafu Jumatatu moja nikafika nikakuta kijani. Kila mahali palipokuwa na kigingi changu, barabara kabisa kwenye mstari, palikuwa na itoka.

Matoka, kama tunavyoyaita yakiwa mengi, ni maua ya kando ya mto, yenye kitunguu kikubwa ardhini na majani mapana. Sisi Wakikuyu hatuyapandi kwa urembo. Hupandwa mpakani mwa shamba mbele ya wazee, na mtu anayeyang'oa kwa siri anajitafutia laana yeye na wanawe. Bwana Soko alikuwa ameyaona huko mashambani, akauliza ni ya nini, akaambiwa hakuna awezaye kuyagusa. Hilo lilimtosha. Alipanda baiskeli Jumapili baada ya ngoma, akaenda mtoni na gunia.

"Umepanda nini hapa?" nilimwuliza.

"Vigingi visivyopika uji."

"Bwana Soko, mimi ni mtu wa huku. Hivi si vigingi. Umewagawia hawa akina mama hati za shamba."

"Ninyi watu wa diploma mnapenda sana hati. Ngoja uone kama kitang'oka hata kimoja."

"Hakitang'oka. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Siku nikitaka kusogeza safu ya maharagwe?"

"Siku hiyo tutasogeza, Bwana Ramani. Usinililie mvua ya mwaka ujao."

Na kwa muda alikuwa sahihi kuliko nilivyopenda. Soko lilinyooka. Bwana DO, yule afisa wa wilaya, kijana wa Kizungu aliyekuwa juu yetu sote, alileta wageni kulitazama. Alipenda bustani, akayasifu maua. Bwana Soko alisimama nyuma yake kama aliyeyazaa.

Alikuwa na neno alilomwambia kila mama aliyedai kiti kwa sababu jana alikikalia: "Soko si shamba, mama. Hapa ni pako mpaka jua lizame." Alilisema zamani, akaendelea kulisema baada ya kupanda matoka, na hakuona kwamba sasa hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Akina mama walianza kuyapalilia maua. Wakayamwagilia maji wakati wa kiangazi. Nilimwona mmoja amemleta mke wa mwanawe na kumwonyesha kwa kidole, kutoka ua hili mpaka ua lile, mahali atakapokaa binti huyo siku yeye mama atakapozeeka. Wakamba walicheka. "Nyinyi mmeacha kuuza maharagwe, mnafuga maua," walisema. Lakini hata wao hawakukanyaga.

Malori yalipozidi, moja lilirudi nyuma likasaga vyungu vya siku nzima, na mwenye vyungu akanusurika kwa kuruka. Ofisi ikaamua safu ya maharagwe irudi nyuma kama ilivyo kwenye ramani yangu. Bwana DO alimwita Bwana Soko mbele yangu. Alimwambia kwamba safu isiposogea kabla ya mvua, ataleta askari waisogeze, kila mama atakayekataa atanyang'anywa kibali na kurudishwa kijijini, na msimamizi naye atafute kazi kwingine.

Tulikwenda pamoja. Bwana Soko alitangaza, akaeleza habari za malori, akaeleza vyungu. Walimsikiliza kwa heshima kabisa.

"Tumekuelewa," Nyina wa Kamau alisema. "Sogeza."

"Sogeeni basi."

"Sisi hatujapanda. Aliyepanda ni wewe. Ng'oa."

Aliinama akalishika itoka lililokuwa karibu. Sidhani aliamini laana. Aliamini mambo yake ya Jumapili. Lakini aliinua macho akawaona akina mama wamejifunika nyuso kwa leso, kama watu wasiotaka kuona ajali, na mkono wake ukaachia. Akajipangusa udongo kwenye kaptura ile ya pasi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Alikuja ofisini kwangu, akasimama mlangoni.

"Kwenu mpaka ukihama, mnafanyaje?"

Nilimweleza. Wazee wanaitwa. Kondoo dume anachinjwa, na majani yaliyo tumboni mwake yananyunyizwa kwenye mstari mpya. Pande mbili zinakunywa pombe kutoka pembe moja, kisha matoka yanahamishwa mchana kweupe, na hapo hakuna laana.

"Pande mbili. Upande mmoja ni akina mama. Wa pili?"

"Ni wewe."

Alivua kofia, akaitazama ndani. "Maji hayafai?"

"Hayafai."

"Soda?"

"Bwana Soko."

"Nauliza tu," akasema.

Mtu asiyezijua siku zile ataona hapa kuna kichekesho cha mlevi na mlokole. Kulikuwa na zaidi. Wakikuyu wamekusanyika, kuna kondoo, kuna damu, kuna pembe inayopita mkono kwa mkono: katika Hali ya Hatari, serikali ilikuwa na jina moja tu kwa jambo kama hilo, na jina hilo lilikuwa kiapo cha Mau Mau. Watu walikuwa wamepelekwa kambini kwa mambo madogo kuliko hayo. Nilimwambia. Akasema anajua, kwani filimbi haijamziba masikio. Askari wakija, alisema, akina mama watapoteza vibali na yeye chumba. Afadhali apoteze mmoja.

Nilikuwapo alipokwenda kwa Nyina wa Kamau.

"Mama, unaweza kupika kile kitu?"

"Kitu gani?"

"Ile ninayomwaga."

"Umemwaga nyingi. Taja."

"Mama, usinitese."

"Sikutesi. Nataka kujua kama unataka ile iliyolaza mtaro au ile iliyokuharibia soksi."

Safu nzima iliangua kicheko, naye akasimama akivumilia. Kicheko kilipoisha, Nyina wa Kamau alimtazama kwa muda. "Nitapika iliyo nyepesi," akasema. "Kwa sababu hujazoea."

Kwa Bwana DO aliomba kibali cha watu kukusanyika ili kuhamisha maua ya soko. Alikuwa hasemi uongo, na huo haukuwa uongo. Bwana DO alikubali upesi, akashauri yahamishwe na udongo wake.

Wazee watatu walikuja kutoka vijijini. Kwanza walikataa. Mwanamke hana mpaka, walisema. Mpaka ni wa mwanamume. Nyina wa Kamau akawauliza ni mwanamume gani kati yao anayeuza maharagwe, aje aonyeshe kiti chake. Wazee walishauriana pembeni, wakarudi wakasema kwamba soko ni jambo jipya na mila haikulitaja, kwa hiyo haikulikataza. Nimesikia mabaraza mengi ya mipango tangu wakati huo, na machache yalifikia uamuzi mzuri vile.

Kondoo alikuwa ameshachinjwa na mstari mpya umenyunyizwa pale gari la Bwana DO liliposimama. Alikuja kuona maua. Aliona wazee wamechuchumaa, damu, na pembe mkononi mwa Nyina wa Kamau. Sajini wake alishusha bunduki begani. Akina mama hawakukimbia. Kukimbia kungekuwa kukiri.

Nilisogea mbele nikazungumza na Bwana DO kwa Kiingereza ambacho sajini wake asingekipata hata katika maisha mawili. Nilimweleza ni mila ya ardhi, ni kinyume kabisa cha siri, ndiyo maana imefanywa saa nne asubuhi katikati ya mji. Nadhani alitaka kuniamini. Alimgeukia Bwana Soko. "Wewe unahusika na hili?"

Nyina wa Kamau alikuwa ameshampa pembe. Yeye alikuwa ameishika kwa mikono miwili, mbali kidogo na kifua, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Angeweza kuirudisha. Angesema alikuja tu kulinda amani, na angelala chumbani mwake usiku ule na mingine mingi. Mstari mpya usingefungwa, na kabla ya mvua wangekuja askari.

"Maua niliyapanda mimi, Bwana," alisema. "Lazima niyahamishe mimi."

Akanywa. Alikunywa yote, macho wazi, bila kupumua. Halafu akakohoa mpaka kofia ikaanguka, na mzee mmoja akaiokota akampangusia vumbi.

Walihamisha matoka asubuhi ileile, kila mama lake, na udongo wake. Safu ya maharagwe ilirudi nyuma mpaka kwenye mistari yangu ya vitone, na kufikia adhuhuri malori yalikuwa yakigeuka bila kugusa mtu. Ilikuwa ramani yangu ya kwanza kutimia yote.

Bwana DO hakumfunga. Nasema bila haya kwamba bila Kiingereza changu angemfunga. Lakini msimamizi aliyekunywa pombe kazini mbele ya afisa, katika mkusanyiko wa namna ile, hakuweza kubaki, na filimbi alipewa mtu mwingine. Dhehebu lake nalo likampokonya ngoma. Alipokuwa akitoa vitu chumbani, Nyina wa Kamau na wenzake walikuja kumbebea, wakashangaa kukuta sufuria chini ya mto. Hakuniambia anakwenda wapi. Nilimwuliza kama anajuta, akasema, "Ilikuwa chungu kuliko nilivyofikiri," na sikujua kama anajibu swali langu.

Nilimwona tena Hali ya Hatari ilipokuwa ikielekea kwisha. Kazi yangu ya Thika ilikuwa imesifiwa, nami nikapewa Ruiru niipange. Soko la Ruiru lilikuwa dogo, limebanana kando ya njia. Nilishuka kwenye gari la ofisi na ramani kwapani, na nikamkuta ameketi juu ya kreti, kati ya wauzaji, anauza samaki wakavu. Kaptura ilikuwa ileile, na pasi ileile. Alikuwa amepanga chumba mtaa wa Gitothua pamoja na vibarua wa kahawa. Kushoto kwake alikaa mama mzee wa Kikamba mwenye vyungu.

"Mulembe, Bwana Ramani. Umenenepa."

"Mulembe. Samaki wanauzika?"

"Watu wa kwetu hawaachi. Na hawa wa huku, wasiokula samaki, wameanza kuonja, wakidhani hatuwaoni." Akaitazama ramani kwapani kwangu. "Haya, nionyeshe. Umeniweka wapi?"

Nilikunjua ramani juu ya samaki wake. Alijaribu kuisoma ikiwa imegeuzwa, nikamgeuzia. Nikaweka kidole mahali tulipokuwa. Kidole changu kilikuwa katikati ya barabara ya malori.

Nilimwambia naweza kuipinda barabara kidogo. Mimi ndiye mwenye kalamu, na hakuna ofisini wa kunihoji.

"Usinipindie mimi," alisema. "Nimewahamisha watu maisha yangu yote. Ukinipindia mimi, yule mwenye ndizi atakuuliza kwa nini yeye hukumpindia, na hutakuwa na jibu." Aliwafukuza nzi kwenye samaki. "Niambie tu lini, nisije nikanunua mbao za kibanda."

Nilianza kukunja ramani. Akanigusa mkono.

"Lakini huyu mama," alisema kwa sauti ya chini, akimwonyesha Mkamba kwa kidevu. "Vyungu ni vizito, na umri wake huo. Kila akihama vinavunjika viwili vitatu. Kama ungeweza kumpindia yeye, nadhani hakuna ambaye angelalamika."

Nilitoa penseli nikaipinda barabara palepale, nikashikilia ramani kwa kiganja dhidi ya upepo. Mama wa vyungu hakujua tunafanya nini. Alitutazama akaendelea kupanga vyungu. Bwana Soko aliufuata mstari mpya kwa macho mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali, akanifungia samaki wawili kwenye gazeti, akakataa kulipwa.

Nilikuwa nimeshafika kwenye gari nilipotambua kwamba mama yule alikuwa amekaa bega kwa bega naye, na kwamba hakuna barabara ya malori duniani inayoweza kumkwepa mmoja wao na kumkanyaga mwingine.